Mbwa Aliyeitwa Wataenda

Mama yangu hakugombana na jirani hata siku moja. Alikuwa na mbwa.

Kwetu Kindu, katika kartie, yaani mtaa, wa watu wa reli ambako nilizaliwa na ambako naishi mpaka leo, mbwa hapewi jina la bure. Ukiwa na neno moyoni ambalo huwezi kumwambia mtu usoni, unampa mbwa wako neno hilo liwe jina lake. Halafu unangoja jioni, watu wamerudi nyumbani, unasimama mlangoni na kuita kwa sauti ya kusikika avenyu nzima. Mbwa anakuja mbio, na mwenye neno lake amelipata. Akija kulalamika unashangaa: "Mimi? Mimi niliita mbwa yangu." Nani atakushitaki kwa kuita mbwa?

Mama alikuwa fundi wa mambo hayo. Shangazi zangu waliposema atarudishwa kwao Kailo kwa sababu anazaa wasichana watupu, alifuga mbwa akamwita Mutachoka. Walichoka kweli. Jirani wetu wa upande wa kushoto alipoanza kupeleka habari za nyumba yetu kwenye bomba la maji, mama akaleta mbwa mwingine: Munasema. Kila jioni ilikuwa "Munasema! Munasema, kuja kula!" mpaka watu wa nyumba ya nane wakajua kuna kitu.

Jirani huyo hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa mwanamke mrefu, mnene, mke wa mfanyakazi mwenzake baba, na asubuhi alikuwa akikaanga mikate ya mchele na kuiuza mbele ya nyumba yake. Kati yake na mama kulikuwa na wigo wa mianzi na maji ya mvua. Maji yalitoka kwenye lupango lake, yaani kiwanja chake, yakapita chini ya wigo, yakaingia letu na kubomoa jiko la mama kila masika. Ugomvi huo nilizaliwa nikaukuta. Yeye alikuwa na mbwa jike mmoja mweupe, mvivu, aliyekuwa akilala kwenye majivu mchana kutwa, na alimwita Tunaona. Mama akiita Munasema upande huu, ng'ambo ya wigo inajibu: "Tunaona! Tunaonaaa!" Sisi watoto tulikuwa tunaanguka chini kwa kucheka. Baba alisema nyumba hizi mbili zinakula bukari, ugali wetu, kwa matusi badala ya samaki.

Halafu vita vikaja, na neno likawa kitu cha kumuua mtu.

Sitaki kueleza vita. Kila mtu wa Kindu ana vyake, na mimi nikianza nitakasirika bure. Niseme tu kwamba treni ziliacha kuja, na baba aliendelea kuvaa koti lake la kazi kila asubuhi na kwenda kukaa karibu na mabehewa yaliyosimama, kwa sababu hakujua pa kukaa pengine. Kuvuka Lualaba kwenda mashambani haikuwezekana. Porini kulikuwa na wenye bunduki wengine, mjini wengine, na sisi katikati na njaa yetu. Sabuni ikawa kitu cha kufungia sandukuni.

Komanda mmoja wa wale waliokuwa wameshika mji alichukua nyumba ya daktari aliyekimbia. Nyumba hiyo ilikuwa ng'ambo ya barabara, mlango wake ukitazama mlango wetu. Kwenye avenyu ya pili kulikuwa na fundi wa baiskeli, mtu wa utani. Siku moja kwenye foleni ya maji alisema kwamba hata hawa nao siku zao zinahesabika. Alisema hivyo tu, akajaza ndoo yake. Walimchukua mchana mbele ya mke wake. Baiskeli alizokuwa akitengeneza zilibaki mlangoni magurudumu juu mpaka wenyewe walipokuja kuzichukua mmoja mmoja, kwa aibu. Yeye hakurudi. Tangu hapo watu walikuwa wakichota maji kama watu waliofiwa, hakuna salamu, hakuna mzaha.

Ndipo mbwa wetu akazaa.

Maziwa yake yalikuwa haba na watoto wakafa, akabaki mmoja, dume wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mama hakuwa anatoa jina mpaka mtoto wa mbwa afumbue macho. Alisema huwezi kumtuma mtu ambaye haoni anatumwa wapi. Siku macho yalipofunguka, alimweka kwenye kiganja, akasimama mlangoni, akaitazama ile nyumba ya daktari kwa muda mrefu.

"Huyu njo Wataenda," akasema.

Baba aliruka kwenye kiti. "Wewe mwanamuke, unataka kutuua juu ya mbwa?"

"Mimi niliita mbwa."

"Hii haiko mambo ya bomba ya maji! Hawa hawana mbwa ya kukujibu. Hawa wako na bunduki!"

Mama akamrudisha mtoto wa mbwa chini, kwa mama yake. Alikuwa mtu wa namna hiyo: ukimpigia kelele anakuwa mtulivu, na ukinyamaza anakuanza. Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili na nilikuwa upande wake, moyo ukinidunda kwa hofu na kwa furaha pamoja. Kwa mara ya kwanza tangu fundi wa baiskeli achukuliwe, mtu alikuwa amelisema.

Walikubaliana kwamba jina litatamkwa ndani ya nyumba tu, tena polepole. Baba hakuridhika, akajaribu kumbadilisha. Alichukua kipande cha muhogo, akachuchumaa, akaita, "Simba! Simba, kuja!" Mbwa aligeuka kutazama nyuma yake aone Simba ni nani. Baba akajaribu tena kesho yake, na kesho yake. Wapi! Ukimwita Simba anakaa. Ukipiga mluzi anajikuna. Ukisema Wataenda, hata kwa kunong'ona, hata akiwa uvunguni mwa kitanda, anatoka anatetemeka mwili mzima kwa furaha. Nilikuwa namwita chini ya blanketi, mdomo wangu ndani ya lile sikio lake lililolala, na mimi mwenyewe nikalala vizuri.

Laiti angekuwa mbwa wa kukaa nyumbani. Ee Mungu wangu, mbwa yule! Alikuwa mwizi kuliko wezi. Hakuiba chakula, maana chakula cha kuachwa wazi hakikuwepo. Aliiba vitu. Aliiba mwiko, akaiba kofia ya mwimbishaji wa kwaya, akaiba viatu, na kamwe hakuiba jozi, alichukua kimoja tu na kingine akakiacha kimlilie mwenzake. Jumapili asubuhi watu walikuwa wakipita kwetu kwanza kabla ya misa, mguu mmoja mtupu, wanainama kutazama uvunguni. Siku moja alikula sabuni ya mama, ile ya sandukuni, akatembea uani akitoa povu mdomoni, na watoto wa avenyu nzima wakakimbia wakilia kwamba mbwa ana kichaa. Mama alimfukuza na mchi huku akimtukana kimyakimya, maana jina lake hakuweza kulitaja nje. Hasira ya kimya ni ngumu sana. Nilimwona mama uso umevimba kwa majina ambayo hakuyasema.

Mchana mmoja, jua kali, askari wa komanda aliosha buti za bwana wake na kuziweka kwenye ngazi zikauke. Nilikuwa nikitwanga sombe, majani ya muhogo, chini ya mpapai. Nikasikia kelele barabarani, nikainua kichwa, na nikamwona Wataenda anaingia kwetu mbio, buti jeusi linaning'inia mdomoni, kubwa kama yeye. Mchi ukanitoka mkononi.

Waliingia nyuma yake. Askari wawili kwanza, halafu komanda mwenyewe, mguu mmoja una buti, mwingine una soksi. Siku nyingine yoyote avenyu ingekufa kwa kicheko. Siku ile hakuna aliyepumua. Mama alikuwa anaanika nguo; baba akatoka ndani na koti lake la kazi. Mbwa aliona watu wengi wamekuja kucheza naye. Akazunguka mpapai, akazunguka jiko, akalala chini buti likiwa kati ya miguu yake, na askari alipokaribia akaruka tena. Mmoja akainua bunduki.

"Usipige, mjinga!" komanda akasema. "Utatoboa buti. Mwiteni, wenye mbwa. Mwiteni."

Baba akaita, "Simba! Simba!" Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. Mbwa akaanza kutafuna kamba za buti.

"Simba," baba akarudia, na jasho linamtoka.

Na hapo mdogo wangu wa kike, aliyekuwa na miaka minne na hajui vita ni nini, alichoka kuona watu wazima wanashindwa na kitu kidogo. Akaweka mikono kiunoni kama mama, akapaza sauti:

"Wataenda! Leta hapa! Wataenda!"

Mbwa akaliacha buti palepale, akaja kwake akitingisha mkia.

Nimeshasikia mabomu. Nimeshasikia na kimya kile. Komanda alichukua buti lake, akalitazama, hakulivaa. Kiswahili chake kilikuwa cha mbali kidogo na chetu lakini neno lile ni lilelile kila mahali.

"Amemwitaje?"

Baba alimvuta mdogo wangu nyuma ya koti lake.

"Wataenda," akasema mwenyewe, polepole. Akamtazama mama. "Nani wataenda, mama?"

"Ni jina tu, komanda," baba akasema.

"Hapa kwenu hakuna jina la tu. Mimi nimekaa hapa, ninasikia. Namuuliza huyu mama. Nani wataenda? Wapi?"

Mama alifungua mdomo, ukabaki wazi. Mwanamke ambaye maneno hayajawahi kumpungukia! Shati la baba lililolowa lilikuwa mikononi mwake, na maji yalikuwa yakimdondokea miguuni. Askari mmoja alishasogea akasimama nyuma yake. Mimi nilikuwa namwona fundi wa baiskeli, nilikuwa naziona zile baiskeli magurudumu juu, na nikajua kwamba mama yangu anakwenda kufa kwa ajili ya jina la mbwa, mbele yangu, na sombe haijaiva.

Ndipo wigo ukapasuka. Nasema ukapasuka, kwa sababu jirani hakuzunguka mlangoni, alipita katikati ya mianzi na mwili wake wote, kitenge kifuani, mikono imejaa unga wa mchele mpaka kwenye viwiko.

"Komanda!" alikuwa analia kwa hasira. "Komanda, Mungu njo amekutuma! Uliza! Muulize vizuri huyu mwanamuke, ataje mbele yako! Miaka yote ananitukana na mulomo ya mbwa. Wataenda njo mimi! Mimi, na bwana yangu, na watoto yangu! Anataka tutoke mu hii lupango juu ya maji ya mvua. Kila siku, wataenda, wataenda! Tuende wapi? Nyumba ilitolewa na reli!"

Komanda alirudi nyuma hatua moja. Unga ulikuwa unamrukia.

"Na mimi nilimujibu!" jirani akaendelea, akijipiga kifua. "Mimi haniwezi! Yake njo Wataenda, yangu njo Hatutoki!"

Hatutoki gani? Mbwa wake alikuwa Tunaona. Avenyu nzima ilijua ni Tunaona, tangu kabla sijajua kutembea. Yule jike mweupe alikuwa amelala palepale ng'ambo, kwenye majivu, tunamwona kupitia tundu la wigo.

"Mwite," komanda akasema.

Jirani akageuka. Hakuwa na haraka hata kidogo. Akateremsha mkono wa kulia mpaka pajani, akawa anachezesha vidole kama mtu anayefinyanga tonge la bukari, na huku akaita kwa ile sauti yake ya jioni, ile tuliyoijua sisi:

"Hatutoki! Hatutokiiii!"

Mbwa mweupe alifumbua jicho. Akainuka mbele, akainuka nyuma, akajinyoosha, akapiga miayo. Wee Mungu! Ningeweza kumvuta kwa macho yangu. Akaja taratibu, akapita kwenye tundu la wigo, akanusa vidole vya jirani, akaanza kuvilamba unga.

Komanda akatazama mbwa mmoja, akatazama mwingine. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika bega la askari wake, na askari nao wakacheka, na yule aliyekuwa nyuma ya mama akasogea pembeni.

"Hatutoki!" akasema, anajifuta machozi. "Hili ndilo jina la mbwa wa askari. Lakini huyu wako ni bibi kizee." Akanyoosha kidole kwa Wataenda. "Huyu mwizi ndiye anaweza kazi. Namchukua. Na ugomvi wenu umekwisha, mmesikia? Kuanzia leo huyu ndiye Hatutoki."

Wakamfunga kamba shingoni. Hakukataa, alidhani wanakwenda kucheza mahali pengine. Nilitaka kupiga kelele, na mama alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zake zikaingia nyamani. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananizuia au alikuwa anajishikilia asianguke.

Walipovuka barabara, baba alikaa chini kwenye vumbi na koti lake. Baada ya muda akamuuliza jirani, ambaye alikuwa bado amesimama kwetu na vipande vya mwanzi kwenye nywele: "Ile mbwa, ilijua namna gani hiyo jina mupya?"

"Inajua jina gani? Ile ni kiziwi tangu ilizaliwa. Inafuata mukono."

Mama ndipo alipopata sauti. "Kiziwi?"

"Kiziwi kabisa. Haijasikia hata radi."

"Na miaka yote hii, jioni, Tunaona, Tunaona... ulikuwa unaita nani?"

Jirani akamtazama. "Wewe," akasema, akarudi kwake kupitia tundu lilelile.

Sasa mtu aniambie, ukishaokolewa hivyo unasema nini? Mama hakusema kitu. Jioni ile alifunika sahani ya sombe, ile ile niliyoitwanga, akaibeba mpaka kwenye wigo, akasimama, akarudi nayo. Tukala wenyewe. Nilimkasirikia sana. Aksanti ni neno fupi, hata mdogo wangu asiye na miaka mitano alikuwa analijua, na mama yangu lilikuwa linamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Na hofu haikuisha, ilibadilisha nyumba tu. Mbwa alikataa kuitwa Hatutoki. Askari walimpigia kelele, wakampiga fimbo, wakamfunga bila chakula, akawa anawatazama, lile sikio moja limesimama. Akifunguka anatoroka na kiatu cha mtu, na hakuna jina linalomrudisha isipokuwa moja. Haikuchukua muda wakachoka. Basi ikawa kila siku, mchana kweupe, katikati ya barabara kubwa, askari wenye bunduki wanakimbia wakipaza sauti: "Wataenda! Wataenda!" Watu walikuwa wanaingia ndani na kufunga milango ili wacheke. Mtu mzima nilimwona amekaa nyuma ya kanisa, kitambaa mdomoni, mabega yanamtingishika.

Mama hakucheka. Kila wakiita, mkono wake ulikuwa unashika kitu kilicho karibu, ukuta, mlango, bega langu. Alijua kwamba siku moja komanda atauliza kicheko hicho kinatoka wapi. Na kweli aliuliza. Asubuhi nilikuwa kwa jirani kununua mikate, komanda akasimama mbele ya meza yake na mbwa wangu amefungwa kamba. Wataenda alinirukia na komanda akamvuta nyuma.

"Mama," akasema, hachekicheki safari hii, "watu wanacheka nikiita huyu mbwa. Wanacheka nini?"

Karai lilikuwa linachemka. Jirani aligeuza mkate mmoja, akageuza wa pili.

"Wananicheka mimi, komanda," akasema, macho chini. "Wote wanajua njo mimi nilitukanwa. Sasa hata askari wananitukana, kila siku, barabarani. Haya yangu iko wapi? Lakini ntafanya nini, mbwa inataka ile jina."

Alisema kwa unyonge mpaka nikamhurumia, nikasahau ukweli. Komanda akaikunja kamba ya mbwa mkononi. Akachukua mkate.

"Pole, mama," akasema. "Usihame."

"Hatutoki, komanda."

Niliporudi na kusimulia nyumbani, mama alikwenda nyuma ya jiko akatapika. Ile sahani haikwenda tena mpaka kwenye wigo.

Waliondoka, kwa sababu kila mtu anaondoka. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, malori yakaunguruma, na jua lilipopanda nyumba ya daktari ilikuwa wazi, milango inapigapiga. Nilivuka barabara kabla mtu hajanizuia. Walikuwa wamechukua vitanda, mabati, hata kitasa cha choo. Kwenye mpera wa nyuma, mwisho wa kamba, amekonda, kiatu kimoja cha askari kati ya miguu yake, alikuwa amebaki Wataenda peke yake.

Aliishi kwetu miaka mingi, mwizi mpaka kufa. Askari wengine walipokuja, mama alianza kumwita mlangoni kwa sauti, na baba akashika kichwa: "Hata hawa?" Lakini neno la kumwambia jirani halikupatikana. Wigo ulitengenezwa, mvua ikanyesha, jiko likabomoka, na ng'ambo ikaanza tena "Tunaona!" kwa mbwa kiziwi. Mama akajibu na mbwa mwingine. Walizeeka hivyo. Baba alikufa, mume wa jirani akafa, wanawake wale wawili walipika pamoja kwenye misiba yote miwili bila kuzungumza zaidi ya chumvi na kuni.

Mwaka huu watoto wa jirani wamekuja kumchukua. Wanaishi Lubumbashi, wana nyumba, wanasema mama yao hawezi kuendelea kukaa peke yake na magoti mabovu. Nyumba ikafungwa, vyombo vikagawanywa, wakawa wanangoja treni tu, na treni yetu hiyo inakuja inapotaka. Wiki hizohizo jike wetu, wa ukoo wa Wataenda na wizi wake wote, akazaa nyuma ya jiko. Wanangu walikuwa na majina tayari, ya wachezaji wa mpira. Nikawaambia wamuulize bibi yao.

Mama sasa ni mdogo kama mtoto, lakini ulimi haujazeeka. "Mutu hamupi jina kabla sijaona macho," akasema.

Nilikuwa naogopa. Nasema wazi: nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa wakati mwingine wowote tangu siku ya buti. Nilikuwa nasikiliza kama treni inapiga honi, halafu nakwenda nyuma ya jiko na kutazama wale watoto wa mbwa, macho yamefungwa kama mfuko. Niliwahi hata kumwambia mmoja wao, "Fumbua, mpumbavu wewe, utachelewa!" Maana nilimjua mama yangu. Bila mbwa hawezi.

Honi ya treni ilisikika jioni, inaingia. Asubuhi mizigo ya jirani ilikuwa imepangwa mbele ya nyumba yake, na kijana wa mkokoteni amefika. Mama aliniambia nimletee mtoto wa mbwa yule mweupe. Jicho moja lilikuwa limefunguka, jingine bado. Akamtazama, akaguna, akasema linatosha. Akaegemea mkono wangu mpaka kwenye wigo. Ng'ambo, jirani alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa kitenge kipya cha safari, mgongo kwetu.

Mama akamweka mbwa chini. Akavuta pumzi.

"Aksanti!" akaita.

Sauti ilikuwa ndogo. Mgongo haukugeuka.

"Aksanti! Kuja!"

Hakuna. Mtoto wa mbwa alikuwa amekaa palepale kwenye miguu ya mama, haoni vizuri, hajui anaitwa. Mama aliniangalia, na nikaona hofu ileile, mdomo wazi uleule. "Masikio yake yamekufa?" akaninong'oneza. "Hasikii?"

"Ita kwa nguvu, mama."

"AKSANTI!" akapiga kelele, ameshika mianzi kwa mikono miwili. Watu walitoka nje. Kijana wa mkokoteni akasimama. "Aksanti! Aksantiiii! Aksanti!"

Akaita mpaka sauti ikapasuka na machozi yakamtoka waziwazi, mbele ya avenyu nzima, na mimi nilikuwa nalia naye. Ndipo kiti cha plastiki kikalia. Jirani alisimama polepole, akaja na magoti yake mabovu mpaka kwenye wigo, kwenye lile tundu ambalo halikuziba vizuri hata siku moja. Akaingiza mkono, akauteremsha chini, akachezesha vidole. Mbwa mdogo akaufuata. Akamwinua akamweka kifuani, ndani ya kitenge kipya, akamgeukia binti yake aliyekuwa anabisha kwamba mbwa hapandi treni.

"Huyu tunaenda naye," akasema, kwa ile sauti ya jioni. "Na jina yake njo Nimesikia. Nilimusikia tangu mara ya kwanza."

Akaondoka nyuma ya mkokoteni, anaita avenyu yote, "Nimesikia! Nimesikiaaa!" na mbwa mwenyewe yuko mikononi mwake. Tulimsikia mpaka kwenye kona ya stesheni. Mama alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akanigeukia kwa hasira.

"Umeona?" akasema. "Hata leo, ananiachia nafasi ya kujibu?"